Ukialikwa kwenye podikasti, usitume linki tupu

Juzi dada mmoja wa Majengo, hapa hapa Moshi, kaniandikia: "Shikamoo dada. Nimealikwa kwenye podikasti Alhamisi, naomba unielekeze namna ya kujitangaza, watu wasikilize kama walivyosikiliza ya kwako." Nilimjibu kwa kifupi WhatsApp. Jibu lenyewe ni refu na lina maumivu yake, ndiyo maana naliandika hapa.

Mimi nakaanga kahawa na kuiuza kwa pakiti. Mwaka jana nilialikwa kwenye podikasti ya wajasiriamali inayorekodiwa Arusha. Nikapanda Coaster alfajiri, kutoka Boma Ng'ombe mpaka Usa River nafanya mazoezi ya majibu kimoyomoyo. Chumba cha kurekodia kilikuwa Sakina, kuta zimetundikwa mazulia ili sauti isirudi mwangwi. Tuliongea dakika 52. Nilitoka pale najiona nimefika.

Kipindi kilipotoka nikatengenezewa bango: sura yangu, maikrofoni, maandishi mekundu "USIKOSE!" Nikaliweka status, nikalituma magrupu yote pamoja na linki. Status ilitazamwa na watu 212. Siku ya tatu mtangazaji akaniambia kipindi kimesikilizwa mara 19.

Kilichoniuma zaidi ni kikoba chetu. Tuko wanawake 34. Hakuna kipaimara cha mtoto wao ambacho sikuchangia, hakuna msiba niliokosa. Nikapata "hongera" mbili. Rafiki yangu wa karibu kabisa alisema atasikiliza akipata bando. Nimewasamehe, ila sijasahau.

Wiki moja baadaye nilikuwa jikoni jioni, buni zimeanza kupasukapasuka kwenye sufuria, nikamkumbuka mama. Habari yake nilikuwa nimeisimulia kule Sakina, na ndipo sauti yangu ilipokatika. Mama amelima kahawa kihambani, yaani shamba la nyumbani, Kibosho zaidi ya miaka 30. Amechuma, amemenya, ameanika, amepeleka chama cha msingi cha ushirika, na ada zetu zikatoka humo. Nyumbani tulikunywa chai ya rangi, maana kahawa ilikuwa ya kuuza. Siku nilipompelekea kikombe cha kwanza nilichokaanga mwenyewe, alikishika kwa mikono miwili, akanusa, akanywa funda moja, akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema: "Kumbe ndiyo hii?"

Nikampigia kuomba ruhusa. Akasema, "Andika mwanangu, ila usiache kusema ada nililipa zote." Alilipa zote.

Nikaandika status tatu fupi, bila bango, nikaishia pale aliponyamaza. Ya nne nikaweka: "Alichosema kiko dakika ya 31," na linki chini yake. Usiku ule simu haikutulia. Baba mmoja wa Machame anayeishi Dar es Salaam alinitumia sauti ya dakika 4 kuhusu mama yake, aliyezikwa bila kuonja kahawa ya shamba lake. Nililia. Wale wa kikoba wakaanza kusambaza wenyewe, bila kuombwa. Wiki ile niliuza pakiti 14 kwa watu nisiowajua.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kuandika "naomba mnisapoti." Mtu ana watoto, ana kikao cha harusi, ana bando la kuhesabu, dakika 52 zako atazitoa akijua kuna kitu chake mle ndani. Chagua kisa kimoja tu. Kiandike unavyomsimulia shangazi, kikate kabla hakijaisha, taja dakika. Kama kinamhusu mtu mwingine, muombe ruhusa kwanza, hata akiwa mama yako. Status hufutika baada ya saa 24, basi kesho yake leta kisa kingine, usirudie bango lile lile. Na wanaokujibu, wajibu wote, mmoja mmoja. Usiseme umechoka. Mimi nilijibu mpaka saa saba usiku.

Dada wa Majengo anashona sare za shule. Tukiwa tunaagana akagusia kwamba cherehani yake ya kwanza aliibeba kichwani kutoka Kiboriloni, mvua ya Aprili inamwagika, akavua kanga akaifunika cherehani, yeye akaloa mpaka nyumbani. Alilisema kama jambo la kupita tu, akarudi kuniuliza bango litengenezwe kwa rangi gani!

Mdogo wangu, anza hapo kwenye mvua. Niambie kanga ilikuwa ipi na iliandikwa nini. Bando la Alhamisi nimeshanunua.