Wadogo zangu mnaoanza jiolojia, fildi msiisubiri Morogoro

Mkifika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtasikia kwamba fildi, yaani mafunzo ya vitendo porini, ndiyo kozi yenyewe. Sawa, lakini kabla ya fildi kuna hesabu, kemia na fizikia, na wengi huzichukulia kama za kupita tu. Kisha yanakuja madini na hadubini, na hapo ndipo watu husapu, yaani hufeli na kurudia mtihani. Kipande cha mwamba kinasagwa hadi unene wa milimita 0.03, unakiweka chini ya hadubini ya polaraizi, unakizungusha, unaulizwa ni feldspa (aina ya madini) gani na umeijuaje. Bakini maabara wenzenu wakishaondoka. Picha uliyopiga kwa simu haizunguki.

Dar haina miamba migumu ya kale ya kuchorea ramani. Tumekalia mchanga, udongo na matumbawe. Ile iliyopikwa na kukunjwa ya Mkanda wa Msumbiji, ukanda wa miamba ya kale wa Afrika Mashariki, mtaikuta milima ya Uluguru, Morogoro. Ndiyo maana wengi hushika daftari la fildi kwa mara ya kwanza wakiwa tayari porini, jua kali, mhadhiri anasubiri. Kwa nini msubiri hadi huko? Maji yakipwa, nendeni Msasani au Oysterbay mkatazame kuta za matumbawe ya kale, yaliyoota wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Kwangueni kidogo, dondosheeni siki ya dukani, tazameni povu. Kisha choreni ukuta wote, mkiweka kipimo na upande wa kaskazini. Mchoro wa kwanza utakuwa mbaya. Heri uwe mbaya hapo.

Daftari ndilo litakalosahihishwa, na linaandikwa kwa penseli maana wino na mvua havipatani. Kila kituo, yaani kila mahali uliposimama kuchunguza mwamba, kiwe na namba, koodineti, aina ya mwamba, straiki na dipu (uelekeo wa tabaka na pembe ya mwinamo wake), na namba ya sampuli ikiwa umechukua. Jaza ukiwa umesimama pale pale. Anayesema "nitamalizia kambini" usiku huwa anatunga.

Jambo moja huwatesa wengi: ramani nyingi za topo (za sura ya nchi) za 1:50,000 za nchi yetu zimechorwa kwa Arc 1960, wakati simu yako inasoma WGS 84, na hiyo ni misingi miwili tofauti ya kupimia koodineti. Usipobadilisha mipangilio utakosea takribani mita 300, yaani milimita 6 kwenye karatasi. Kituo ulichokiweka mtoni kitaonekana kiko mlimani, na mpaka wa miamba utahama nacho.

Vijijini, mwenye nyundo na mfuko wa mawe ni mtafuta dhahabu hadi ithibitike vinginevyo. Pitieni kwanza kwa mtendaji wa kijiji na barua ya chuo, wazee wapeni shikamoo zao, na mkiulizwa mnatafuta nini mjibu kwa Kiswahili cha kawaida, si cha darasani.

Lenzi ya mara 10 nunua yako, usitegemee ya kuazima. Buti za mtumba za soko la Karume zinatosha kabisa, ila zivaeni wiki kadhaa mkiwa hapa hapa mjini kabla ya kupanda nazo mlima.