Unamfumia nani? Maswali yenu ya kufuma, na majibu

Asubuhi za Dodoma zimeanza kuuma, na maswali ya kufuma yamekuja mengi. Nimechukua yale yanayogusa wengi. Kuna jambo nitalirudia mara kwa mara kwa sababu naliamini sana: kabla hujashika sindano, mjue atakayevaa. Anaishi wapi, atavaa mwezi gani, nani atamfulia. Picha uliyoiona kwenye simu haiwezi kukujibu hayo.

Shikamoo mama. Wifi yangu wa Mpwapwa anatarajia kujifungua mwishoni mwa Juni. Nataka kumfumia mtoto sweta, kofia na soksi. Uzi gani, na saizi gani? (Binti wa Kikuyu)

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuwa shangazi.

Mtoto wa Juni huku kwetu anaikuta baridi. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, kisha saa nane mchana jua linakuwa limepanda hadi 26 hivi. Kwa hiyo anahitaji vazi la kuvaliwa na kuvuliwa upesi, si vazi zito. Fuma sweta linalofunguka mbele, ili hata akiwa amelala mama yake amvue bila kumpitisha kichwani.

Wengi watakwambia ufume kubwa ili akulie humo. Kwa mtoto huyu mimi sikubali. Akifikisha miezi sita itakuwa Desemba, joto limeshakolea na sweta litakuwa halina kazi. Fuma la miezi mitatu ya mwanzo, mzunguko wa kifua uwe sentimita 45 hivi, avae Julai na Agosti mpaka lichakae. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huwa kama sentimita 35, basi kofia ambayo haijavutwa iwe 32 au 33 ili imkae.

Uzi uwe pamba, au akriliki laini ya watoto. Kabla ya kununua, sugua donge la uzi nyuma ya shingo yako. Ukikuwasha wewe, yeye atalia.

Shingoni usiweke kamba wala utepe. Vifungo vishone kwa uzi wa cherehani na uvivute kwa nguvu zako zote, kinachotikisika ondoa. Soksi nazo, ukimaliza, zigeuze ndani nje na upitishe kidole taratibu pale kwenye vidole. Uzi mmoja tu uliolegea humo unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu, na mama asijue analilia nini. Mwambie pia wifi kwamba mtoto akilala ndani, kofia ivuliwe.

Sokoni naambiwa madonge yote ni sufu, na bei ni ndogo. Nitajuaje ukweli? (Msomaji wa Kizota)

Kata kipande cha uzi chenye urefu wa kidole, kishike kwa kibano juu ya sahani ya bati yenye maji kidogo, uwashe kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, moto hujizima wenyewe na majivu husagika. Pamba hunuka karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na mwisho hubaki tone gumu ambalo halivunjiki kwa vidole.

Uzi mwingi tunaouziwa ni akriliki. Wala si uzi mbaya: unafulika kwa urahisi na haushambuliwi na nondo. Ila usiupige pasi ya moto. Na kama shali ni ya bibi anayekaa karibu na mafiga au jiko la mkaa, usimfumie akriliki hata kidogo, kwa sababu ikishika moto inayeyukia kwenye ngozi. Mtafutie sufu halisi, umfulie kwa maji baridi bila kusugua maana sufu ikisuguliwa kwenye maji moto hujikaza na kusinyaa. Ukikosa sufu, fuma ya pamba iliyobana, isiyo na nyuzi zinazoning'inia pembeni, kwani pamba nayo hushika moto haraka.

Sisi ni akina mama wa kikundi cha kanisa, Nkuhungu. Tunataka kufuma kofia za watoto njiti na kuzipeleka hospitali. Tuanzie wapi?

Anzieni kwa muuguzi wa wodi, hata kabla ya kununua uzi. Mwulizeni kama kofia zinapokelewa, saizi zipi zinakosekana, na zitafuliwaje. Nimeona vikundi vikifuma kwa moyo mmoja kofia nzuri zenye maua na vipepeo, zikaishia kabatini kwa sababu haziwezi kuvalishwa mtoto wa kilo moja na nusu.

Mtoto njiti kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na joto jingi linapotelea hapo. Ndiyo maana kwenye huduma ya kangaruu mtoto hulazwa ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama akiwa na nepi, kofia na soksi tu, kisha wote wawili hufungwa pamoja kwa kitambaa au kitenge. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, wakati mashine za kuwapa watoto joto hazikutosha. Leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza. Kofia mtakayofuma, akina mama, inaingia moja kwa moja kwenye huduma hiyo. Ndiyo sababu nawasihi muifume kwa vipimo.

Aliyezaliwa wiki ya 28, kichwa chake ni karibu sentimita 26. Wa wiki ya 32 ni kama 29 na nusu, wa wiki ya 36 ni 33 hivi. Kofia iwe pungufu ya kichwa kwa sentimita mbili au tatu, na ukingo wake uvutike: mshono mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma, hadi mwisho wa mstari. Tumieni sindano mbili badala ya kroshia, kwa kuwa kroshia huacha matundu na vifundo ambavyo ngozi ile changa inavihisi. Uzi wa pamba. Mshono wa kuunganishia ukae nje, usiguse kichwa. Pambo lisiwepo kabisa.

Mkimaliza, fueni kwa sabuni isiyo na manukato, suuzeni mpaka maji yawe meupe, zikauke kabisa, kila moja iingie kwenye mfuko wake safi na saizi iandikwe nje. Muuguzi wa zamu ya usiku hana muda wa kupekua gunia.

Mimi ni dereva wa bodaboda, Chang'ombe. Nimejifunza kroshia kwenye simu, nafuma kofia kijiweni nikisubiri abiria. Wenzangu wananicheka, wanasema ni kazi ya kike. (Kaka mfumaji)

Endelea kaka. Kwenye kisiwa cha Taquile, nchini Peru, wanaume ndio wanaofuma kofia, wanaanza wakiwa watoto, na ufundi wao wa nguo umo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO. Mkono haujui jinsia.

Wafumie wenzako kofia ya kuvaa chini ya helmeti, maana alfajiri ya Julai upepo wa barabarani unachoma masikio. Iwe nyembamba, ishuke hadi kwenye ndewe za masikio, na juu utosini pasiwe na kifundo. Kofia nene huifanya helmeti icheze kichwani, na helmeti inayocheza haimlindi mtu.

Mdogo wangu ana send-off mwezi ujao. Mama anataka nimfumie seti nzima ya vitambaa vya makochi, kama alivyofumiwa yeye. Bibi harusi mwenyewe hataki hata kuviona. Nipo katikati. (Dada mtu, Area C)

Pole dada. Mama ana hoja yake. Vile vitambaa vyeupe kwenye migongo ya makochi havikuwa urembo mtupu: vilizuia mafuta ya nywele na vumbi, na kitambaa kilikuwa rahisi kufua kuliko kochi. Kwa Dodoma, ambako kuanzia Mei hadi Oktoba karibu hatuoni mvua, ilikuwa akili kubwa. Lakini atakayekaa na zawadi ni mdogo wako. Kwenye makochi ya siku hizi ya ngozi ya bandia, vitambaa vinateleza na kudondoka kila mtu anapoinuka. Usifume seti ambayo itakunjwa chini ya kabati.

Fuma kitambaa kimoja cha meza, cha duara, sentimita 60 hivi, kwa uzi mwembamba wa pamba. Mwombe mama achague ua, na duara za kwanza azifume yeye kwa mkono wake. Bibi harusi atapokea kitu cha kutumika, na mama atakuwemo ndani yake.

Kisha kipige wanga vizuri. Koroga vijiko viwili vya unga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, ongeza maji yafike vikombe viwili, bandika motoni ukikoroga mpaka uji ule ugeuke kutoka mweupe hadi wa kung'aa. Chuja. Chovya kitambaa kilichofuliwa kikiwa bado kibichi, kikandamize ndani ya taulo bila kukisokota. Kitandaze juu ya sponji iliyofunikwa nailoni, ubane ncha kwa pini zisizoshika kutu: moja kaskazini, ya pili kusini, kisha mashariki na magharibi, ndipo uzijaze za katikati. Ukizunguka upande mmoja tu, duara litakwenda upande. Kikauke ndani, kwani ukikianika uani vumbi litaganda kwenye wanga na halitatoka. Na mwambie mdogo wako asikihifadhi kikiwa na wanga, mende wanaupenda.

Mwanangu amepangiwa kidato cha tano Njombe. Nimfumie sweta la shule? (Baba wa Kongwa)

Hapana, baba. Soma fomu ya kujiunga: rangi na mtindo wa sweta vimeandikwa, na lako linaweza kukataliwa getini. Mfumie soksi ndefu za kulalia na kizibao kisicho na mikono cha kuvaa ndani ya shati. Julai ya Njombe si ya Kongwa.

Kila ndugu anataka mkoba wa kroshia, na wote wanataka bure. Nikitaja bei wanasema mtumba ni rahisi. (Mfumaji, Makole)

Wagawe mafungu mawili: unaowapa zawadi, na wenye oda. Zawadi unaamua wewe, haiombwi. Anayeomba mwambie kwa upole, "Niletee uzi, nami nitakupa tarehe." Wengine hawatarudi, na undugu hautavunjika. Kwa wenye oda, andika saa zako kila unapokaa kufuma, uzidishe kwa malipo ya saa unayoona ni haki, ujumlishe na uzi. Kumbuka kroshia hula uzi zaidi ya sindano mbili, pengine kwa theluthi. Kuhusu mtumba, waeleze ukweli huu: hakuna mashine ya kiwandani inayofuma kroshia halisi. Hata ule mkoba wa kroshia uliotoka Ulaya, kuna mtu aliketi akaufuma mshono kwa mshono.

Uzi uliniishia katikati ya shali. Nimenunua donge jingine la rangi ileile, ila mpaka unaonekana. (Msomaji wa Singida)

Kila mkupuo wa kutia rangi hutofautiana kidogo, na namba ya mkupuo huwa kwenye karatasi ya donge. Siku nyingine nunua madonge yote kwa pamoja yenye namba moja. Kwa sasa fumua mistari kama kumi, uzifume nyuzi zote mbili kwa kupokezana, mistari miwili ya zamani, miwili ya mpya, mpaka wa zamani uishe. Mpaka utafifia.