Usimtajie Mtu Jeraha Lake: Kwa Wahudumu Wapya wa Uponyaji wa Ndani

Wapendwa mlioingia mwaka huu, hapa Uganda, huduma ya uponyaji wa ndani, yaani ya kuwaombea wenye majeraha ya moyo, Bwana asifiwe. Bidii yenu inaonekana na inatutia moyo. Mnafunga, mnakesha, maandiko mnayajua. Lakini baada ya kila semina, iwe Kampala, Mbarara au kambi ya wakimbizi ya Nakivale, makosa yanayorudi ni yale yale, na anayeyalipia si mhudumu. Ni yule aliyekuja akiwa amepondeka moyo. Basi, someni haya kabla hamjamwekea mtu mikono tena.

1. Ingieni wawili, mmoja awe wa jinsia ya anayehudumiwa. Mlango msiufunge kwa komeo. Ombeni ruhusa kabla ya kumgusa. Saa moja hadi saa moja na nusu inatosha, na robo saa ya mwisho msimchimbe tena: mpeni maji, akanyage chini kwa nyayo zote mbili, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, aseme leo usiku atalala wapi na nani.

2. Usimtajie mtu jeraha lake. Hili ndilo linaloumiza kuliko yote, na hufanywa kwa nia njema kabisa.

Dada amekuja. Usingizi hapati, akisikia mwanamume anapaza sauti anatetemeka, ndoa haitulii. Ni siku ya tatu ya mfungo, saa nane usiku, kesha limepamba moto. Mhudumu anamwekea mkono kichwani, anafumba macho, anasema: “Bwana ananionyesha msichana mdogo, miaka sita au saba, ndani ya nyumba yenye giza. Kuna mwanamume wa ukoo. Unamwona?” Dada analia, anasema haoni. Mhudumu anasisitiza: “Usiogope, adui ndiye anayekuficha. Mtazame usoni.” Nusu saa baadaye, dada amemwona mjomba wake.

Angalieni kilichotokea pale, neno kwa neno. Umri umetoka kwa mhudumu. Nyumba ya giza imetoka kwa mhudumu. Mwanamume wa ukoo, vilevile. “Sioni” ndilo jibu pekee lililokuwa la dada mwenyewe, nalo likaambiwa ni la adui, kwa hiyo hana tena njia ya kukataa. Ana njaa, hajalala, na anaamini kwamba aliyesimama mbele yake anasikia kutoka kwa Mungu. Mtu wa hali hiyo hadanganyi. Akili yake inajaza pengo kwa kile ilichopewa. Kumbukumbu haikai ndani yetu kama picha ndani ya sanduku. Kila tunapokumbuka tunaiunda upya, na tulichoambiwa njiani kinaingia humo bila sisi kujua. Mwaka 1995 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa watu 24. Kila mmoja alipewa visa vya utoto wake vilivyotoka kwa jamaa zake, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha kutunga: kwamba aliwahi kupotea dukani. Sita walikuja kukikumbuka, chote au sehemu yake. Na pale hapakuwa na mfungo, wala kesha, wala mtu wa kusema “Bwana ananionyesha”.

Baada ya hapo mambo hayasimami. Wiki ya pili dada anakumbuka hata rangi ya shati. Wiki ya tatu anapanda basi kwenda kijijini, mjomba anaitwa mbele ya wazee wa ukoo, mama mzazi hajui asimame upande gani. Dada anarudi Kampala na hofu ile ile aliyokuja nayo, ila sasa hana hata pa kwenda Krismasi. Na kuna hasara nyingine ambayo wahudumu wengi hawaifikirii. Huenda kweli alitendewa ubaya, ila na mtu mwingine kabisa. Siku atakapomtaja huyo, nani atamsadiki? Na akiulizwa polisi alikumbuka lini, atajibu nini?

Je, Mungu hasemi siku hizi? Anasema, na neno la maarifa, yaani Mungu kumfunulia mhudumu jambo la mtu, tunaliamini. Lakini 1 Wakorintho 14:29 inataka wengine wapambanue, na huwezi kupambanua kitu ulichokwisha kumwagia mtu kichwani. Ukionyeshwa jambo, liandike, liombee kimyakimya, ufunge mdomo. Kama ni la Mungu, anayehudumiwa atalitaja mwenyewe bila msaada wako. Wewe uliza maswali yasiyobeba majibu: “Umekuja na nini leo?” “Hofu hii unaikumbuka tangu lini?” “Halafu ikawaje?” Upofu wa Bartimayo kila mtu aliuona, na bado Bwana Yesu akamwuliza, “Wataka nikufanyie nini?” Akisema hajui, basi hajui, na hilo ni jibu kamili. Mhudumu wa pili aandike maneno ya mtu huyo jinsi anavyoyatamka. Na pale mnapohitaji mkalimani, kama ilivyo kawaida katika makambi ya wakimbizi, asiwe jirani yake, na kamwe asiwe mwanawe. Mkalimani akiongeza swali lake, msimamisheni hapo hapo.

3. Machozi, kuanguka na kupiga kelele si vipimo vya kupona. Mwulize baada ya wiki mbili kama analala, kama anakula, kama ameanza kuongea na watu wa nyumbani.

4. Msamaha hauna mbio. Mnamshika mtu mikono, mnamtamkisha “namsamehe fulani” dakika kumi baada ya kusimulia kwa mara ya kwanza maishani mwake, kisha mnatangaza amefunguliwa. Someni Mwanzo 42 hadi 45 polepole. Yusufu alijitenga akalia, akawajaribu ndugu zake, akalia tena, ndipo akajitambulisha. Hapa kwetu Askofu Festo Kivengere alikimbia nchi mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, na alisimulia waziwazi jinsi uchungu ulivyokuwa ukimkua moyoni kabla hajafika mahali pa kumsamehe Idi Amin, rais wa wakati ule. Kama askofu alihitaji muda, mpeni muda na mama wa kambi ya wakimbizi ya Kyangwali. Mpeni Zaburi ya 13 aiombe wiki nzima. Akiwa hana hata nguvu ya kushukuru, mpeni ya 88, ambayo inaisha gizani na bado ni maombi.

5. Tofautisheni dhambi na jeraha. Uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ulioanza kuenea miaka ya 1930, ulitufundisha kutembea nuruni: mtu anasimama katika ushirika, anaungama alichokosa. Ni urithi mwema na tuutunze. Lakini aliyebakwa njiani akikimbia vita hana cha kuungama katika hilo. Mkimsimamisha atubu hadharani, mmemtwika kosa la aliyemtenda. Hasira yake, kama imemfikisha pabaya, ataileta mwenyewe kwa Bwana kwa wakati wake.

6. Dawa msiguse. ARV, dawa za VVU, zikikatizwa virusi hupanda tena na vinaweza kuwa sugu. Dawa za kifafa zikiachwa ghafla, degedege linaweza kukosa kukoma, na huua. Anayesikia sauti, anayetaka kujiua, asiyelala siku kadhaa, mpelekeni kituo cha afya au Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili kule Kampala, mwende naye, mwombe naye mkiwa kwenye foleni.

7. Mtoto akisema anaumizwa, hiyo si siri ya maombi. Taarifa iende kwa LC1, yaani uongozi wa kijiji, na polisi siku hiyo hiyo. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure.

8. Mengine yote ni siri. Jina lake lisiingie kwenye kundi la WhatsApp hata kama ombi la maombi, maana kwa “dada mmoja wa Katwe mwenye watoto watatu” watu wanamjua. Ushuhuda asiulizwe kabla ya miezi kadhaa, na akisema hataki, msimwulize tena. Daftari lifungiwe. Kesho yake apigiwe simu na mmoja wenu, yule wa jinsia yake, na siku ya saba mkutane naye tena, mchana, akiwa ameshakula.