Masta ya elimu maalumu: ulizia mazoezi kwanza

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama ukasome masta ya elimu maalumu wakati digrii yako ni ya ualimu wa kawaida, na darasani una mtoto kiziwi na mwingine mwenye usonji. Mi nasema kasome, ila usikimbilie jina la chuo. Ulizia masaa ya mazoezi chini ya msimamizi, maana kuna kozi ni nadharia mwanzo mwisho, unamaliza unalichambua Azimio la Salamanca la 1994 (lile tamko la kimataifa la elimu jumuishi) vizuri kabisa halafu mtoto asiyeona anakupa karatasi yake ya nukta nundu (maandishi ya wasioona, yanasomwa kwa kugusa) unaishika kichwa chini miguu juu (yalinikuta, akacheka yeye). Nukta nundu yenyewe kila herufi inatoka kwenye nukta sita tu, ukikomaa unaielewa. Lugha ya alama ndo ngoma nzito, ina sarufi yake, sio Kiswahili cha mikono, so muhula mmoja hautoshi, piga stori na viziwi wenyewe.

Pia wakufundishe kuandika malengo ya mtoto mmojammoja. "Ataboreka" sio lengo, "atafunga kamba za viatu mwenyewe mara nne kati ya tano" ndo lengo.

Kazi usiache kama kuna masomo ya wikendi, cha Jumamosi unakijaribu Jumatatu.