Kijana wa Zamu na Mipangilio ya Kerneli

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nina nyumba ya wageni hapa Shela, na intaneti yao inapitia kikompyuta cha Linux. Usiku kijana wa zamu huifunga, bando lisiliwe, na asubuhi huifungua, kwa kubadilisha ip_forward, swichi ya kuruhusu kompyuta ipitishe mawasiliano ya wengine. Sitaki ajue paswadi ya root, yule mwenye mamlaka yote ya mashine. Nimejaribu kumfungulia faili lenyewe kwa chmod 666, yaani kila mtu aweze kuliandika, nikakataliwa, na mimi ndiye root! Tena umeme ukipotea mchana, ukirudi wageni hawana intaneti. Nifanyeje?
– Mama wa Shela, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Kukataliwa huko kumekuokoa. Faili hilo, /proc/sys/net/ipv4/ip_forward, halimo kwenye diski. Piga ls -l utaona ukubwa wake ni 0. Lisome kwa cat, inatoka tarakimu, maana kerneli, kiini cha Linux, inakujibu papo hapo. Ruhusa zake pia ni za kerneli: kusoma ni kwa wote, kuandika ni kwa root, na chmod haikubaliwi kwa yeyote.

Wako watakaokwambia, basi mpe sudo (ruhusa ya kuendesha amri kwa uwezo wa root) ya sysctl, amri ya kubadilisha mipangilio ya kerneli. Usithubutu! Humohumo kwenye /proc/sys mna kernel/core_pattern, na anayeweza kuandika humo anaweza kuifanya kerneli iendeshe programu yake kwa uwezo wa root pindi programu nyingine inapoanguka. Utakuwa umempa ile paswadi uliyomnyima.

Andika skripti fupi, yaani faili la amri, /usr/local/sbin/wageni, inayojua maneno mawili tu. Kwa "washa" iendeshe sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1, kwa "zima" iweke 0, na jingine lolote ilikatae. Iwe mali ya root, asiandike humo mtu mwingine. Hili usilipuuze hata kidogo: kijana akiweza kuihariri, atatia amri yoyote apendayo. Kisha, kwa visudo, amri ya kuhariri kanuni za sudo, ongeza:

zamu ALL=(root) NOPASSWD: /usr/local/sbin/wageni washa, /usr/local/sbin/wageni zima

"zamu" ni jina la akaunti yake. Ataandika: sudo /usr/local/sbin/wageni zima.

Kuhusu umeme, thamani iliyoandikwa /proc/sys hufutika mashine ikizimika. Weka net.ipv4.ip_forward = 1 katika /etc/sysctl.d/90-wageni.conf, upige sudo sysctl --system; kila ikiwaka itasoma humo. Ila umeme ukirudi saa nane za usiku, intaneti nayo itafunguka yenyewe, kwa hiyo mwambie kijana apige "zima" tena.