Mvua isiyo na matone: maswali kuhusu mchoro wa Caillebotte

Maswali ya safari hii yote yanahusu "Mtaa wa Paris, Siku ya Mvua", mchoro wa Gustave Caillebotte wa mwaka 1877, ulioko Art Institute of Chicago, jumba la makumbusho ya sanaa nchini Marekani.

Mvua iko wapi? Sioni hata tone.

Hakuchora matone. Tazama chini: mawe ya barabara yamechorwa moja moja, yaking'aa kwa maji, na giza limejaa kwenye nafasi kati ya jiwe na jiwe. Ziba sehemu hiyo kwa kiganja uone. Utabaki na watu walioshika miavuli tu.

Nguzo ya taa katikati kabisa! Si inaharibu picha?

Mwanafunzi angekatazwa, na kwa haki. Hapa inafaa kwa sababu pande mbili hazifanani: kushoto uwanja uko wazi na majengo yanakimbilia mbali, kulia wapita njia wamekujia usoni. Sasa weka rula mlalo kwenye macho ya mwanamume na mwanamke walio mbele. Vichwa vya watu wazima wa nyuma vinaangukia karibu na mstari huohuo, ila nyayo zao ndizo zinazopanda. Mtaa ni tambarare na macho ya mchoraji yako usawa wa macho yao. Wanaoanza kuchora huwashusha watu wa mbali wakidhani umbali ni udogo tu, na mtaa unageuka bonde.

Yule wa kulia aliyekatwa na fremu ni kosa?

Makusudi. Ametupa mgongo, mwavuli wake unakaribia kugongana na ule wa wale wawili. Njia ya miguu imejaa, na wewe umesimama juu yake.

Kwenye simu unaonekana umefifia, una manjano.

Huenda ni picha ya zamani. Vanishi, yaani tabaka angavu linalopakwa juu ya rangi kuilinda, iliyogeuka manjano iliondolewa kwenye usafishaji uliokamilika mwaka 2014, na anga ikapata ubuluu. Tafuta picha ya baada ya hapo. Ukubwa nao unapotea: turubai ina takriban sm 212 kwa 276, watu wa mbele wanakaribia kimo cha binadamu. Ukinunua nakala, chukua ya upana wa sm 60 au zaidi, wala usiitundike mkabala na dirisha. Kioo kitaakisi mwanga na mawe yote yatapotea.

Mtaa wenyewe upo?

Upo: Place de Dublin, karibu na stesheni ya Saint-Lazare.