Waulize wazamiaji: Kruza Cöln, mitungi na tope la Rufiji

SWALI: Mimi na mwenzangu tuna cheti cha mita 40. Mwezi wa nane tunakwenda Scapa Flow, Scotland, kuzamia kwenye Cöln, kruza (meli ya kivita ndogo kuliko manowari kubwa) ya Kijerumani iliyozama. Tumepanga mtungi mmoja mmoja wa lita 12 wenye naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) ya asilimia 32. Tuko sawa?
Msomaji, Leicester

JIBU: Hapana, na hiyo naitroksi ndiyo ya kubadili kwanza. Cöln imelalia ubavu wa kulia, na chini kabisa ni mita 36 hivi. Mchanganyiko wa asilimia 32 unafikisha shinikizo la oksijeni kwenye bar 1.4 (bar ni kipimo cha shinikizo) ukiwa mita 33.7 tu. Ukivuka hapo unakaribisha degedege, na mwenye degedege majini hutema rejuleta, kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa. Ombeni asilimia 28. Kikomo chake ni mita 40.

Sasa mtungi. Kwenye mita 36 shinikizo ni bar 4.6, hivyo anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji, kule chini anavuta 92. Anzeni na akiba. Chukulieni mmoja kaishiwa, mnavuta wawili kutoka mtungi mmoja, tena kwa hofu, lita 30 kila mtu. Dakika moja ya kutulizana chini inakula lita 276. Kupanda kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika ni dakika 4, lita 672. Kusimama dakika 3 kwenye mita 5, lita 270. Jumla 1,218. Kwenye mtungi wa lita 12 hiyo ni bar 101: nusu ya hewa uliyobeba si ya kutumia. Ukianza na bar 200, unabaki na kama dakika 13, kushuka kukiwemo. Mtafika, mtaona ubavu wa chuma, mtageuza.

Kodini mitungi pacha ya lita 12. Akiba ileile inakuwa bar 51, na hewa ya kutumia inafika dakika 39. Msizitumie zote. Kompyuta itaanza kudai vituo vya kutoa naitrojeni mapema zaidi, na kama hamjafundishwa mbizi za vituo, hicho ndicho kikomo chenu.

Jambo moja zaidi: msitegemee kuikuta tena kamba mliyoshukia. Kila mmoja abebe boya la kujaza hewa na kigurudumu cha kamba ya mita 50. Kamba ikinasa wakati boya linapaa, achia kigurudumu kiende. Anayeking'ang'ania huvutwa juu nacho.

SWALI: Mbona picha za manowari za huko ni ukuta wa chuma tu, mizinga haionekani? Na ndani ya Cöln watu hupitia wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Tarehe 21 Juni 1919 Admirali wa Kijerumani Ludwig von Reuter aliamuru meli zake zilizokuwa Scapa Flow zizamishwe zisitwaliwe na Waingereza, na kati ya 74 zikazama 52. Nyingi ziliibuliwa baadaye kuuzwa kama chuma. Manowari 3 kubwa zilizobaki, König, Markgraf na Kronprinz Wilhelm, zilikuwa nzito juu kwa mizinga na deraya, zikapinduka zilipozama. Unachokiona kwenye picha ni mkuku, yaani chini ya meli. Mizinga ya sentimita 30.5 ya Kronprinz Wilhelm ipo, ila inabidi ushuke mpaka karibu na mita 38 na kuchungulia chini ya sitaha upande wa tezi (nyuma).

Cöln yenyewe haikupinduka, imelala tu, na hapo ndipo wageni hupotea. Sitaha imesimama kama ukuta, ngazi zimelala, mlango umekuwa shimo la sakafuni. Shikeni alama hii: mkiwa nje mnaitazama sitaha, ikiwa mkono wa kushoto mnaelekea omo (mbele), ikiwa wa kulia mnaelekea tezi.

Kuingia ndani, kwa cheti cha mita 40 tu, msiingie. Lile tundu kubwa lililopasuliwa na wakata chuma chakavu waliotaka mitambo lina mabati yanayoning'inia. Hata mpiga miguu hodari asiyegusa tope huchafua maji, kwa sababu vipovu vyake hugonga dari na kutu hushuka kama masizi. Wenye mafunzo hufunga uzi wa kuwarudisha nje mara mbili, nje penye maji wazi na tena mara tu wanapoingia, wakiuepusha na kingo za chuma zinazokata.

Na msichukue hata msumari: meli hizi 7 (kruza ni 4) zinalindwa kisheria. Royal Oak, manowari ya Waingereza iliyozama humohumo Oktoba 1939 na watu zaidi ya 800, ni kaburi, hairuhusiwi kuzamia.

SWALI: Kwa nini tusizamie Königsberg, kruza ya Kijerumani, hapa kwetu Rufiji?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hakuna cha kuona. Baada ya kupigwa na meli za Waingereza Severn na Mersey, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1915. Miaka ya baadaye ilikatwakatwa kuuzwa kama chuma chakavu, na mabaki yamemezwa na tope. Maji ya delta hayaonyeshi hata kiganja chako, na mamba wamo. Mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 iliopolewa ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.